Maswali Yenu: Huyu Ni Mtoto wa Nani?

Barua za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Tunduma hadi Mafinga. Nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtu anapoomba kura, kabila lake, rangi yake na jinsia yake vinahesabiwa wapi hasa? Kwa kifupi, vinahesabiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, wiki nyingi kabla sanduku la kura halijafunguliwa. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Kwetu ni Makete, nimeolewa hapa Rungwe mwaka wa kumi na nne huu. Nataka udiwani wa kata, si viti maalumu. Ukweni wananiita wa kuja. Nilipofikiria kugombea kwetu, kaka zangu wakasema mwanamke aliyeolewa hana kwao tena. Sheria inasemaje, na nianzie wapi? – Mama wa watoto watatu, Tukuyu

Marahaba dada. Tuanze na sheria, maana yenyewe haina maneno mengi. Mgombea udiwani awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na njia halali ya kujipatia riziki, apendekezwe na chama chake, na awe mkazi wa eneo la halmashauri. Neno lililoandikwa ni mkazi. Mzawa hayumo, wala mke wa fulani. Kwa hiyo kisheria kwako ni Rungwe. Ukienda kugombea Makete ndiko pingamizi litakakokukuta, kwa kuwa hukai huko. Kaka zako wamepata jibu sahihi kwa hoja mbovu.

Sasa ugumu wenyewe. Usimwogope sana mpiga kura wa Oktoba. Yeye anakuta majina mawili matatu, kila moja na chama chake, na kwa wengi bendera ya chama inamaliza mazungumzo. Anayeuliza "huyu ni mtoto wa nani?" ni mjumbe wa kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, na ana sababu. Ukumbini pale watia nia wote ni wa chama kimoja, ilani moja, fulana za rangi moja, na kila mmoja amepewa dakika chache za kujieleza. Mjumbe hana cha kuwatofautisha isipokuwa ukoo, kijiji, jinsia na uzito wa mfuko. Kabila hupata nguvu pale ambapo tofauti nyingine zote zimeondolewa.

Chukua hesabu ya mfano. Kata ina wajumbe 120 na watia nia watano. Kura zikitawanyika, mshindi anaweza kutoka na 34 au 35. Ukoo wenye wajumbe 12 humo ndani umeshabeba theluthi ya ushindi, ingawa huko nje, kwenye kata yenye wapiga kura elfu sita, ukoo huohuo ni tone. Kadiri wapigaji wanavyokuwa wachache ndivyo ukoo na bahasha vinavyotosha kuamua. Hatua ya CCM ya mwaka 2025 ya kupanua idadi ya wanaopiga kura za maoni iliwafaa zaidi watia nia wa aina yako, wasio na shangazi kila kitongoji, hata kama mchujo wa vikao vya juu ulibaki palepale.

Kwa hiyo anza na orodha. Omba kwa katibu wa kata kanuni za mwaka huo zinazosema nani anapiga kura za maoni, kwa sababu hubadilika, na wengi hufanya kampeni kwa wajumbe wa kanuni za zamani. Andika majina yote kwenye daftari, kitongoji kwa kitongoji, uweke alama mbele ya uliyekwisha kuzungumza naye ana kwa ana. Usihesabu aliyekuitikia kwa heshima. Kwa Wanyakyusa, kama kwa majirani zao, mgeni hajibiwi vibaya mlangoni, na watia nia kila msimu huzichukua heshima zile wakadhani ni kura. Hesabu aliyekuuliza swali gumu ukamjibu.

Siku ya kujieleza usizimalize dakika zako kueleza uhusiano. Wenzako wataanza na babu zao. Ukiingia kwenye mchezo huo wewe ni mgeni, na mgeni hashindi mchezo wa babu. Taja jina, kitongoji unachoishi na kazi ambayo watu wameiona kwa macho: ulikuwa mhazini wa kikoba kipi, umekaa kamati gani ya maji, umefanya nini kwenye ushirika wa chai au wa maparachichi. "Ndaga fijo" moja ya mwisho, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, inatosha. Hotuba nzima ya kilugha kwa lafudhi ya Kikinga itawachekesha tu.

Jiandae na maneno juu ya ndoa yako. Uenyeji wa mwanamke aliyeolewa wanauona kama wa kuazima, kwa hiyo anayetaka kukuangusha ataipiga ndoa, si sera. Uvumi wa nyumbani usiujibu mkutanoni, utaupa kipaza sauti. Yakigeuka kuwa ya kudai mwili ili upitishwe, hilo ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113 na haitozwi. Hifadhi ujumbe wa simu kama ulivyo, usiufute kwa aibu.

Ukipita, fomu ya Tume ya Uchaguzi ndiyo inayofuata, na hapa kuna mtego unaowanasa wanawake kuliko wanaume: jina. Cheti cha kidato cha nne kina ukoo wa baba, kadi ya mpiga kura ina jina la mume, kadi ya chama ina la utotoni. Mwaka 2019 kwenye serikali za mitaa, na tena mwaka 2020, wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwa dosari za fomu, na majina yasiyofanana ni dosari rahisi kuliko zote kuonekana. Chagua jina moja miezi mingi kabla, lile la kadi ya mpiga kura ndilo salama, kisha kwa wakili utengeneze hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja. Wadhamini wasipungue 10, wote wawe wameandikishwa katika kata hiyohiyo, na asiwemo aliyekwisha kumdhamini mwenzako. Andaa na wa akiba. Hakiki namba za kadi zao kwa kuziona, si kwa kusomewa kwenye simu. Dhamana ya Tume kwa udiwani ni shilingi 5,000, kwa ubunge 50,000. Kinachouma ni ada ya fomu ndani ya chama, inayoweza kuizidi dhamana mara nyingi. Siku ya uteuzi mwisho ni saa 10 jioni, na pingamizi huwekwa hadi saa 10 jioni ya siku inayofuata. Rudisha fomu asubuhi. Ikionekana kosa saa nne, bado una mchana wa kurekebisha.

Vikao vya juu vikikukata, mlango wa uani haupo. Mgombea binafsi haruhusiwi nchini, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishaamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Kwa mtu ambaye chama chake hakimwoni kama mwenyeji, katazo hilo ni zito kuliko hila yoyote ya wajumbe.

Kila Bunge likianza naambiwa wanawake ni zaidi ya theluthi. Mimi hapa Mafinga sijawahi kumpigia kura mbunge wa viti maalumu. Anachaguliwa na nani? – Mwalimu mstaafu, Mafinga

Umewahi mwalimu, ila hukuambiwa. Kila kura ya ubunge unayopiga siku hizi hutumika mara mbili: kwanza kumpata mbunge wa jimbo, kisha kutiwa kwenye chungu cha taifa cha kugawia viti maalumu. Hata mgombea wako akiangushwa vibaya, kura ile inakifanyia chama chake kazi kwenye chungu.

Katiba, ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa kundi hili wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na ibara ya 78 inasema vyama hugawana kwa uwiano wa kura za ubunge, mradi chama kimefikisha angalau asilimia 5 ya kura halali. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni, viti ni 100 na kura halali ni milioni 10.4. Chama A kina milioni 6, B milioni 3, C milioni 1, na D 400,000. Asilimia 5 ya kura zote ni 520,000, kwa hiyo D ametoka. Zinabaki kura milioni 10 za kugawana, na A anapata 60, B 30, C 10. Kura laki nne za D haziletei mwanamke yeyote kiti, na hapo ndipo vyama vidogo huumia zaidi kuliko kwenye majimbo.

Viti hivyo vilikuwa 75 mwaka 2005, vikawa 102 mwaka 2010 na 113 mwaka 2015. Majina hutoka kwenye orodha ambayo chama kinaipeleka Tume. Namna ya kuipata orodha ni kazi ya chama: kwa CCM wanaopiga kura ni wajumbe wa UWT, jumuiya yake ya wanawake, Chadema ina BAWACHA, baraza lake la wanawake. Kwa maneno mengine, mbunge wa viti maalumu ana wapiga kura, ila ni mamia ya watu, na anawafahamu kwa majina. Lawama kwamba hawa "hawana wananchi" ielekezwe kwa waliotunga kanuni.

Kiti hicho kina mapengo yake. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atoke kwenye wabunge wa majimbo, hivyo mwenye viti maalumu hawezi kuteuliwa. Mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, kwa sheria ya mwaka 2009, ni mbunge wa jimbo, kwa hiyo mwenye viti maalumu anaahidi kisima bila kukaa kwenye meza ya fedha. Kiti kikiwa wazi hakuna uchaguzi mdogo, anaitwa anayefuata kwenye orodha. Na orodha ikiwa ndiyo mama wa kila kitu, mgogoro wa orodha huwa mkubwa: Novemba 2020 wanawake 19 waliapishwa kwa viti vya Chadema, chama kikasema hakikuwapeleka na kikawavua uanachama, nao wakaendelea kukaa bungeni huku shauri likiwa mahakamani.

Wapo waliopanda kutoka milango hiyo hadi jimboni. Anne Makinda wa Njombe aliingia Bunge mwaka 1975, lakini Njombe Kusini aliishika kuanzia 1995, akawa Spika 2010. Tulia Ackson aliingia mwaka 2015 kwa mlango wa tatu, ule wa wabunge wasiozidi kumi anaowateua Rais, ambao angalau watano lazima wawe wanawake. Mbeya Mjini aliishinda mwaka 2020. Mwaka huohuo Jesca Msambatavangu alishinda Iringa Mjini. Ngazi inafanya kazi, lakini inapandwa taratibu mno.

Naendesha lori Zambia, Malawi na Kenya. Kote huko wakati wa uchaguzi ukitaja jina la ukoo wanajua utampigia nani. Sisi tunajisifu hatuna ukabila. Ni kweli au tunajidanganya? – Dereva, Tunduma

Nusu kweli, nusu tunajidanganya. Tuanze na iliyo kweli.

Kuwepo kwa makabila peke yake hakuleti siasa za makabila. Kinachoamua ni ukubwa wa kundi ukilinganisha na uwanja wa mashindano. Mtafiti Daniel Posner mwaka 2004 alichapisha kazi juu ya Wachewa na Watumbuka, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Watu walewale, mila zilezile. Upande wa Malawi wanatazamana kama wapinzani. Upande wa Zambia wanaitana ndugu. Sababu aliyoitoa ni hesabu: Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kumbeba mgombea, kwa hiyo inalipa kuwagawa, Zambia wote ni wachache, hivyo wanasimama pamoja kama watu wa Mashariki.

Una mfano wa karibu zaidi, unaupita ukishuka Kasumulu. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana bila mkalimani. Mwaka 1994, Malawi ilipofanya uchaguzi wa vyama vingi, Kaskazini yote, Karonga ikiwamo, ilipigia chama cha AFORD, kikazoa viti vyote 33 vya mkoa huo. Kyela hakuna chama cha namna hiyo, na hakiwezi kusajiliwa. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataa chama cha dini, kabila, rangi, jinsia au mahali watu watokako, na Sheria ya Vyama vya Siasa inataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwenye mikoa angalau kumi, miwili kati yake iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Anayetaka chama cha Wahehe akatafute kwanza Wahehe mia mbili Pemba.

Kisha kuna kazi ya makusudi: machifu kuondolewa madarakani kisheria mwaka 1963, Kiswahili kuwa lugha ya shule ya msingi, vijana kupelekwa bweni mikoa ya mbali. Edward Miguel, naye mwaka 2004, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu. Busia, penye mchanganyiko wa makabila, michango ya shule ilipungua. Meatu mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo.

Kanuni nazo hubadili tabia. Malawi, baada ya uamuzi wa mahakama wa Februari 2020, Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo hakuna mkoa unaoweza kumfikisha mtu Ikulu peke yake, na wakubwa wakalazimika kuungana. Kwetu urais hupatikana kwa kupata kura nyingi kuliko wengine tu, na hakuna kabila linaloukaribia wingi huo. Ndiyo maana kitaifa ukabila hauna soko.

Tunapojidanganya ni chini ya taifa. Ukishuka hadi jimbo au kata, hesabu inageuka: kundi lililokuwa tone nchini linakuwa nusu ya wapiga kura. Sikiliza maneno wakati mipaka inapokatwa. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, jimbo la Uyole likamegwa Mbeya Mjini mwaka 2025. Vigezo rasmi vya kugawa majimbo ni idadi ya watu, jiografia, mawasiliano na mipaka ya utawala. Vijiweni kigezo huwa kimoja: "sasa na sisi tutapata mtu wetu." Hakuna anayetaja kabila, na kila mtu ameelewa.

Mwalimu wa historia alisema mwaka 1958 Mwafrika wa Iringa alilazimishwa kumpigia kura Mzungu. Ni kweli? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa

Ni kweli, na ilikuwa hapohapo ulipo. Kura ile iliitwa kura tatu. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, na mpiga kura alipaswa kuchagua mmoja katika kila safu. Ukimpigia Mwafrika peke yake, karatasi yako imeharibika. Nyanda za Juu Kusini ilikuwa katika awamu ya kwanza, Septemba 1958. Awamu ya pili ilifanyika Februari 1959.

Angalia pia nani aliruhusiwa kupiga. Ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa mahindi wa Kilolo hakuwamo, na mkewe ndiyo kabisa. Rangi ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya kura. Jinsia haikuandikwa popote, ilifichwa ndani ya kipato na darasa. Vigezo visivyotaja mwanamke ndivyo vilivyomwacha nje wa kwanza.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikiwa imegawanyika. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuanzisha chama cha Waafrika peke yao. Kisha TANU ikafanya jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulitarajia: ikachagua Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono, safu zote tatu zikawa zake. Chama hakikuwa kinapokea wanachama wasio Waafrika hadi mwaka 1963, kwa hiyo hao walikuwa washirika tu. Huku kwetu kiti cha Mzungu kilikwenda kwa Lady Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mkulima Nyanda za Juu, na cha Mwafrika kwa John Mwakangale, yuleyule aliyempokea Nelson Mandela Mbeya mwaka 1962. Kaskazini alishinda Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia.

Mtihani wa kweli ulikuja 1965, safu za rangi zilipokuwa zimefutwa. Derek Bryceson, Mzungu, alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika, akashinda. Amir Jamal alishinda Morogoro. Na katika uchaguzi uleule Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyeijaza mikutano ya TANU tangu miaka ya hamsini, alipoteza kiti cha Rufiji. Usiharakishe kusema wapiga kura walisamehe rangi wakakataa jinsia, Rufiji ilikuwa na mambo yake. Lakini ukiandika insha, weka matokeo hayo ukurasa mmoja.

Mbarali tuna Wasangu, Wabena, Wasukuma, Wanyakyusa. Mgombea akihutubia kwa kilugha, amevunja sheria? – Mkulima wa mpunga, Ubaruku

Kampeni ni kwa Kiswahili. Mahali ambapo hakieleweki anaruhusiwa mkalimani, na huyo atafsiri, asihutubie. Salamu haina tatizo. "Kamwene" haijawahi kumfikisha mtu kwenye kamati ya maadili. Tatizo ni dakika kumi za kilugha ambazo nusu ya uwanja haielewi, kwa sababu mara nyingi ndipo linaposemwa lile neno la kuwagombanisha wafugaji na wakulima. Katazo hili ni la zamani: kwenye uchaguzi wa 1965, wagombea wawili wa chama kimoja wakitambulishwa kwa jembe na nyumba, hakuna aliyeruhusiwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Ukitaka kulalamika, rekodi sauti nzima bila kuikata, andika siku, saa na kiwanja, umpe mwakilishi wa chama chochote kilichosaini maadili ya uchaguzi alifikishe kwa maandishi. Usisubiri kampeni ziishe.

Mnatetea wanawake bure. Wanawake wenyewe hawapigiani kura. – Mfanyabiashara, Mwanjelwa

Ndugu yetu, umejuaje? Kura ni siri na karatasi haina jinsia. Tume hutangaza matokeo ya kituo, jimbo na nchi. Hakuna matokeo ya wanaume na ya wanawake. Anayesema wanawake wa kata fulani walimnyima mwenzao anakisia. Tunachojua ni daftari: mwaka 2025 lilikuwa na zaidi ya watu milioni 37, wanawake wakizidi nusu kidogo.

Swali lenye faida ni kama macho ya mpiga kura, mume kwa mke, hubadilika akishamwona mwanamke akiongoza. India walilijibu vizuri. Tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza mwaka 1993, angalau theluthi ya nafasi za wakuu wa mabaraza ya vijiji hutengwa kwa wanawake, na West Bengal vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, hivyo vilivyotengwa na visivyotengwa vinalinganishika. Esther Duflo na wenzake walikuta wakuu wanawake wakiweka fedha zaidi kwenye maji. Baadaye wakakuta jambo gumu zaidi: wanaume wa vijiji hivyo waliendelea kusema wanapendelea kiongozi mwanaume, ila walipopewa hotuba ileile kwa sauti ya kike na ya kiume, hawakumshushia tena alama mwanamke kama walivyofanya wa vijiji vingine. Na baada ya mihula miwili ya kutengewa, wanawake walishinda zaidi hata kwenye nafasi za wazi.

Kwa hiyo upendeleo hukaa moyoni, lakini hukumu juu ya kazi hubadilika. Linganisha na viti maalumu vyetu: mama yule hana kijiji ambacho watu wanamwona kila wiki akisimamia bomba likitoa maji au likikauka. Mwanamke anayeweza kubadili macho ya Mwanjelwa ni mwenyekiti wa mtaa, anayegonga mihuri ya barua zenu na kusuluhisha kesi za mipaka ya viwanja. Mtaani kwenu yuko nani?

Kwa nini sensa haiulizi kabila? Tungejua kata hii ni ya nani. – Msomaji, Njombe

Mara ya mwisho kuulizwa ilikuwa sensa ya 1967. Tangu hapo halimo, ili pasiwe na namba za kugombania mgao. Sensa ya Agosti 2022, ambayo Kamisaa wake alikuwa Anne Makinda wa hukohuko kwenu, ilihesabu watu 61,741,120: wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Kwa hiyo akija mtu na daftari linaloonyesha asilimia za makabila ya kata yenu, muulize alihesabu lini na alipita nyumba ngapi.